Kundi na Mwenye Kipaji Kimoja: Funzo Kutoka Mchezo wa Madubwana

Katika somo la mbinu za kufundishia, mwanachuo hufundishwa mapema jinsi ya kuligawa darasa katika makundi. Huambiwa kwamba ziko njia mbili zilizo maarufu: ama kuwachanganya watoto wepesi wa kuelewa na wale walio wazito, ama kuwatenga kila ngazi peke yake ili kila mmoja apewe kazi ya kimo chake. Njia zote mbili zina manufaa, wala hatukusudii kuzibeza. Lakini zote mbili huchukulia kwamba uwezo wa mtoto ni kitu kimoja, mfano wa maji ndani ya mtungi, na kwamba kazi ya mwalimu ni kuchungulia mtungi umejaa kiasi gani. Darasani mambo hayako hivyo. Hapana mwalimu aliyefundisha hata muhula mmoja asiyemjua mtoto anayeweza jambo moja kuwapita wenzake wote, na katika mengine yote yu nyuma yao. Huyo tumweke katika kundi gani? Hilo ndilo swali la makala haya.

Mfano tutakaoutumia tumeutoa mahali ambapo wakufunzi wengi hawapatazami, nako ni katika mchezo wa vidio. Jioni, baada ya kazi za nje, baadhi ya wanachuo wetu huinamia simu zao bwenini wakishindanisha madubwana wa kubuni. Tulipowauliza wanafanya nini, walitueleza kwa kirefu, na kwa mpangilio mzuri hata tukatamani waeleze hivyo masomo yao ya majaribio. Tulisikia kwao maswali yale yale tunayoyauliza katika somo la mbinu: nani akae na nani, nani amsaidie nani, na kwa sababu gani. Wazee wetu walijifunza kuhesabu na kusubiri kwa kucheza bao. Basi si ajabu mwalimu naye kuchota maarifa katika mchezo.

Mchezo wenyewe

Mchezo huo ni Pokémon. Ulibuniwa na Mjapani Satoshi Tajiri pamoja na wenzake wa Game Freak, nao ulianza kuuzwa huko Japani tarehe 27 Februari 1996, ukichezwa katika mashine ndogo ya mkononi ya kampuni ya Nintendo. Hapo mwanzo madubwana walikuwa 151. Leo wamepita 1,000. Kila mmoja ana aina yake, kama vile maji, moto, umeme au ardhi, na wengine wana aina mbili. Tangu mwaka 2013 aina hizo ni 18. Maji huushinda moto, moto huyashinda majani, na majani huyashinda maji. Basi hapana dubwana asiyekuwa na wa kumshinda.

Uwezo wa dubwana hupimwa kwa mambo sita: uhai, shambulio, kinga, shambulio la pekee, kinga ya pekee, na kasi. Tena kila dubwana huingia vitani akiwa na mbinu nne tu, hata kama anaweza kujifunza nyingi zaidi. Katika mashindano rasmi ya vidio, mchezaji huja na madubwana sita. Kabla ya pambano kila mmoja huwaona sita wa mwenzake, kisha huchagua wanne wa kuwatumia, na uwanjani husimama wawili wawili kwa wakati mmoja. Kwa hiyo mchezaji hawezi kumtazama dubwana mmoja akaishia hapo. Sharti amtazame pamoja na yule aliyesimama ubavuni pake.

Mwenye kuanza mchezo huu hufanya lile analofanya mwalimu mgeni. Hukusanya sita wenye nguvu kubwa kuliko wengine, akadhani amemaliza kazi. Baada ya kushindwa mara kadhaa hugundua kwamba sita wenye nguvu wanaweza kuwa na udhaifu mmoja, na pigo la namna moja likawaangusha wote. Hapo ndipo huanza kujifunza kuunda kundi.

Kuchakuro wa mwaka 2014

Mwezi Agosti 2014, mashindano ya dunia ya mchezo huu yalifanyika Washington, D.C., nchini Marekani. Bingwa wa daraja la wakubwa alikuwa Sejun Park wa Korea ya Kusini, aliyemshinda Mmarekani Jeudy Azzarelli katika pambano la mwisho. Katika kundi lake alikuwamo Pachirisu, kidubwana wa umeme aliye mfano wa kuchakuro mweupe mwenye mstari wa buluu. Watazamaji walistaajabu, kisha wakamshangilia, kwa maana wachezaji wakubwa hawakuwa na desturi ya kumchukua.

Ukiyajumlisha yale mambo sita ya Pachirisu kabla ya mafunzo yoyote, utapata 405. Garchomp, joka wa ardhi aliyekuwa katika kundi hilo hilo, ana 600. Shambulio la Pachirisu ni 45, na la Garchomp ni 130. Mwalimu anayepanga watoto kwa jumla ya alama angemweka kuchakuro huyu mwisho wa orodha, wala asingekuwa amekosea katika kujumlisha.

Lakini Park hakutazama jumla, alitazama kazi. Pachirisu alikuwa na mbinu ambayo kwa Kiswahili twaweza kuiita "Nifuate Mimi". Akiitumia, katika zamu hiyo mapigo ya wapinzani yaliyolengwa kwa mwenzake humgeukia yeye. Tena alikuwa na kipaji cha kuunyonya umeme: pigo la umeme badala ya kumwumiza humrudishia robo ya uhai wake wote. Ubavuni pake akasimama Gyarados, dubwana mkubwa wa maji na wa kuruka, ambaye umeme humwumiza mara nne kuliko kawaida. Adui aliyetaka kumwangusha Gyarados kwa umeme alijikuta anamlisha kuchakuro. Hivyo kuchakuro alimpa Gyarados nafasi ya kupiga, naye Gyarados alifanya kazi ambayo kuchakuro asingeiweza kamwe.

Hata mbinu zake za kushambulia zilichaguliwa kwa kuzingatia unyonge wake. Moja ilikuwa ya kung'ata, na hiyo hupunguza nusu ya uhai uliobaki wa mpinzani, bila kujali nguvu za anayeng'ata. Nyingine ilikuwa ya kusugua shavu lenye umeme, na kazi yake kubwa ni kumpooza mpinzani ili kasi yake ishuke. Hapakuwa na jambo lolote alilotakiwa kulifanya kwa misuli asiyokuwa nayo.

Yale tuyatwaayo

Kutokana na mfano huu twaweza kutoa kanuni tatu za kumsaidia mwalimu.

Kanuni ya kwanza: anza kwa kuuliza mtoto anafanya nini, ndipo uulize amepata ngapi. Alama ya jumla humficha mtoto kama vile 405 ilivyomficha kuchakuro. Mwalimu aandike kwa kila mtoto jambo moja ambalo amemwona akilifanya kwa macho yake mwenyewe: huyu anachora ramani ya kijiji bila kufuta, huyu anawatuliza wenzake wanapogombania kitabu, huyu akisikia hadithi mara moja huisimulia yote. Asiandike "mwerevu" wala "mzito", kwani maneno hayo hayampi mwalimu kazi ya kufanya kesho asubuhi.

Kanuni ya pili: wengine wachaguliwe kwa kutazama mapengo ya pande zote mbili. Si haki kundi zima limtumikie mwenye kipaji, wala si haki mwenye kipaji alitumikie kundi zima. Kuchakuro humkinga Gyarados na umeme. Udhaifu wa kuchakuro ni mapigo ya ardhi. Nalo pigo la ardhi halimgusi mwenye kuruka kama Gyarados alivyo anapoingia uwanjani. Kila mmoja anaweza kuingia pale mwenzake asipoweza kukaa. Wahenga walisema kidole kimoja hakivunji chawa. Nao hawakusema kwamba sharti vidole vyote vilingane urefu.

Hapa pia pana onyo kuhusu kukaa jirani. Katika mchezo huu liko pigo la tetemeko la ardhi ambalo huwapiga wote walio karibu, adui na rafiki pia. Dubwana mwenye kulitumia, akisimamishwa karibu na kuchakuro, humwumiza mwenzake mwenyewe. Darasani nako wako watoto wema, hodari, wasemao kwa sauti kubwa na upesi, ambao wakiketishwa karibu na mtoto mwoga humzima bila kukusudia. Wote wawili wanafaa. Ila hawafai ubavu kwa ubavu katika kazi ile.

Kanuni ya tatu: usilitundike kundi zima juu ya msumari mmoja. Mpinzani aliyeusoma mpango wa "Nifuate Mimi" huweza kutumia mapigo ya kuenea, yale yanayowapiga wote wawili kwa mara moja, maana hayo hayageuzwi na mbinu hiyo. Ndiyo sababu mchezaji huja na sita akatumia wanne: lazima awe na njia ya kucheza siku ambayo kuchakuro hafai kutoka. Mwalimu naye ajiulize: mtoto huyu akiugua homa wiki nzima, kundi lake litafanya nini? Ikiwa jibu ni kwamba litakaa kimya, basi hilo bado si kundi, bali ni mtoto mmoja aliyezungukwa na watazamaji.

Kanuni hizi katika darasa la kweli

Katika mazoezi ya kufundisha tuliyoyasimamia hivi karibuni, mwanachuo mmoja wa mwaka wa pili, naye ni mchezaji wa mchezo huu, alipewa kufundisha hisabati darasa la nne. Mle darasani alimkuta mvulana aliyekuwa akihesabu kwa kichwa upesi mno. Mama yake alikuwa na meza ya machungwa na karanga karibu na stendi ya basi, naye mtoto ndiye aliyekuwa akirudisha chenji. Ukimwuliza machungwa saba kwa shilingi mia mbili kila moja, na mnunuzi ametoa elfu mbili, alijibu kabla hujamaliza kupumua. Lakini kusoma alikuwa hajui. Akipewa fumbo la hesabu lililoandikwa, alikodolea macho ukurasa kisha akaandika tarakimu yoyote. Katika daftari la alama alikuwa miongoni mwa wa mwisho.

Mwanachuo wetu alimwundia kundi la watu wanne. Aliweka msichana aliyesoma kwa sauti safi, lakini aliyeogopa hesabu. Akaweka mvulana mwenye mwandiko mzuri, wa kuandika njia ya kutafutia jibu. Wa nne alikuwa mtoto mwangalifu, asiyeamini jambo mpaka alihakikishe kwa vizibo vya soda. Kazi zikagawanywa hivi: msichana asome fumbo, mwana wa muuza machungwa atoe jibu, mwandishi aandike, na mwangalifu ahakiki. Hapana aliyeweza kumaliza kazi bila ya wengine watatu.

Tulipolitembelea darasa hilo juma la pili tulifurahi. Mtoto aliyekuwa akikaa nyuma kabisa karibu na dirisha sasa alikuwa katikati, na wenzake walimsubiri anene. Juma la nne kundi lile lilikuwa likimaliza mapema kuliko yote. Lakini tulipotazama kwa makini, tuliona kwamba msichana alikwisha acha kabisa kujaribu kuhesabu, na mvulana alikwisha acha kabisa kuutazama ukurasa. Alikuwa akingoja asomewe, huku akiangalia nje.

Baada ya kipindi tuliketi na mwanachuo chini ya mwembe kufanya tathmini.

"Mwalimu, kundi lako linashinda," tulimwambia. "Likivunjwa kesho, kila mtoto ataondoka na nini?"

Alinyamaza kitambo. Kisha akasema, "Mkufunzi, katika mchezo Pachirisu hahitaji kuondoka na kitu. Pambano likiisha, amemaliza. Huyu hajamaliza. Huyu mwakani atakutana na vitabu."

Hatukuwa na la kuongeza. Mwanachuo alikuwa amepafikia mwenyewe pale ambapo mfano wetu unakomea. Pachirisu ana 405, naye atabaki na 405. Mbinu zake zilichaguliwa ili udhaifu wake usionekane, na katika mashindano hilo ni jambo la busara. Mtoto si hivyo. Mwalimu anayeupanga udhaifu wa mtoto usionekane mpaka mwisho wa mwaka amemfanyia hila, hata kama kundi limepigiwa makofi kila juma. Katika mchezo, kundi huundwa ili lishinde. Katika shule ya msingi, kundi huundwa ili livunjwe, na kila aliyekuwamo atoke na kitu ambacho hakuingia nacho.

Basi mwanachuo hakulivunja kundi, maana lilikuwa limempa mtoto heshima, na heshima hiyo ilikuwa mtaji. Aliongeza jambo moja. Katika dakika kumi za mwisho za kipindi, majukumu yaligeuzwa. Mwana wa muuza machungwa alitunga fumbo lake mwenyewe kuhusu meza ya mama yake. Msichana aliliandika neno kwa neno kama lilivyotamkwa. Kisha mtungaji alitakiwa alisome mbele ya wenzake watatu. Maneno yalikuwa yake, naye aliyajua kwa moyo. Kazi iliyobaki ilikuwa kuyatambua karatasini. Msichana naye alitakiwa alipate jibu, akifundishwa na mtungaji njia yake ya kuhesabu kwa mafungu ya mia na elfu, kama pesa zinavyopangwa mezani.

Mwisho wa mazoezi, mtoto yule alisimama mbele ya darasa akasoma fumbo la mistari mitatu, kidole chake kikiwa chini ya kila neno. Ilimchukua muda, na darasa lilingoja. Hatutaki kumdanganya msomaji: ukurasa wa kitabu cha kiada ulikuwa bado unamshinda, na mwalimu wa darasa aliachiwa kazi kubwa. Lakini alikuwa ameacha kuangalia nje. Msichana alikuwa akifanya mwenyewe hesabu za kutoa, polepole, akitumia vizibo vya mwenzake.

Namna ya kuandaa

Kwa ajili hiyo twamshauri mwalimu mwanachuo, kabla hajaandika andalio la somo lenye kazi za makundi, achore jedwali dogo la safu tatu. Katika safu ya kwanza aandike jina la mtoto. Katika ya pili aandike kile mtoto anachokitoa kwa kundi. Katika ya tatu aandike kile atakachokipokea kwa wenzake kabla ya kundi kuvunjwa. Safu ya pili huwa rahisi kujaza, na walimu wengi huishia hapo. Safu ya tatu ikibaki tupu mbele ya jina la mtoto yeyote, hata aliye hodari kuliko wote, andalio hilo bado halijakamilika.

Kisha apange tangu mwanzo siku ya kubadilisha majukumu, aiandike katika azimio la kazi kama anavyoandika siku ya jaribio. Asingoje mpaka kundi lichoke, kwa kuwa kundi linaloshinda halichoki upesi, na watoto wake hawatamwomba mabadiliko. Wanaofurahi kusomewa watafurahi kusomewa mpaka darasa la mwisho. Ni juu ya mwalimu kuikumbuka safu ya tatu kwa niaba yao.

Mwenye kipaji kimoja ni neema darasani. Mwalimu amtafute, amtambue, amjengee kundi litakaloufanya uhodari wake uonekane na watu, kama Park alivyomfanyia kuchakuro wake mbele ya ulimwengu. Akisha kufanya hivyo, kazi ya ualimu ndiyo kwanza inaanza.